Domeini inaleta 403, naombeni msaada kabla ya Nanenane

ZabibuChachu: Wakuu, nimekwama tangu jana. Nina tovuti ya Laravel (mfumo wa kuundia tovuti kwa PHP) ya muuza zabibu hapa Dodoma, inatakiwa hewani kabla ya maonyesho ya Nzuguni. Seva ni Ubuntu 22.04, inayorusha tovuti ni programu ya Nginx. Domeini inafika seva, ila naambulia 403 tu. Nihame hosting?

FundiSeva: Usihame. 403 ni seva imekusikia, imekataa. DNS (inayoelekeza domeini kwenye seva) haihusiki. Weka hapa mstari wa mwisho wa /var/log/nginx/error.log.

MpendaMlenda: Laravel kwa zabibu? WordPress ingeshamaliza kazi.

ZabibuChachu: WordPress sitaki. Root (folda ambayo Nginx inasoma tovuti) ni /var/www/zabibu, kila kitu kiko sawa.

FundiSeva: Kingekuwa sawa usingekuwa hapa. Logi?

ZabibuChachu: "/home/app/zabibu/index.php" is forbidden (13: Permission denied)

Mgogo_Halisi: Hee! Mara /var/www, mara /home. Uzi wa kutunga huu, wakuu tulale.

ZabibuChachu: Sijatunga mkuu. Nilihamishia /home juzi ili nipakie faili bila sudo (amri ya mamlaka ya msimamizi). Na chmod -R 777 (ruhusa zote kwa kila mtu) nimeshapiga, kwa hiyo ruhusa si tatizo. Sirudi /var/www.

FundiSeva: Utarudi tu. Tangu Ubuntu 21.04 folda ya nyumbani huundwa na 750, yaani asiye mwenyewe wala wa kundi lake haingii. www-data, mtumiaji ambaye Nginx inafanya kazi kwa jina lake, anazuiwa getini, chumba cha ndani hata ukikiacha wazi hakifikii. Piga `namei -l /home/app/zabibu`, utaona drwxr-x--- kwenye app. Hiyo 777 haijakusaidia, imekuanika tu.

`sudo mv /home/app/zabibu /var/www/`
`sudo chown -R app:www-data /var/www/zabibu`

Mmiliki ni wewe (app), utapakia bila sudo. Folda ziwe 755, faili 644, .env (faili la siri za tovuti) 640, storage na bootstrap/cache ongeza g+w ili kundi la www-data liweze kuandika. Kisha kwenye server block (mipangilio ya tovuti yako ndani ya Nginx):

`root /var/www/zabibu/public;`
`index index.php;`

Ni public. Ukiishia zabibu, mtu anaandika domeini/.env anasoma nenosiri la hifadhidata. Halafu pima mipangilio kwa `sudo nginx -t`, ikikubali `sudo systemctl reload nginx`.

MpendaMlenda: 777 ni dhambi, ndugu.

ZabibuChachu: Imefunguka! Ila kurasa nyingine zote 404, hazipatikani.

FundiSeva: Ndani ya location / weka `try_files $uri $uri/ /index.php?$query_string;` ili kurasa zisizo na faili zipelekwe kwa index.php ya Laravel.

ZabibuChachu: Safi kabisa. Nenosiri si lazima nibadilishe, eti?

FundiSeva: Kabla ya kuhamia /home, root ilikuwa hiyohiyo bila public?

ZabibuChachu: Ndiyo. Wiki nzima.

FundiSeva: Badilisha leo.