Redmi Note 8 imekata apdeti, niweke kastom rom au niiache ilivyo?

mama_mitumba_tabata
Habari za jioni wakuu. Nina Redmi Note 8 ya zamani, ndiyo hiyo hiyo napigia picha mzigo, napokea oda WhatsApp, M-Pesa ipo humo, app ya benki ipo humo. Imeishia Android 11 apdeti haziji tena, matangazo yanaibuka hadi kwenye kufungua mafaili, na siku hizi nikifungua kamera mteja ameshaondoka. Mpwa wangu yuko chuo anasema aniwekee LineageOS, hiyo kastom rom, yaani mfumo mwingine wa Android badala ya ule wa kiwandani, itakuwa kama mpya. Fundi mmoja Kariakoo naye anasema niiache asubuhi niipitie jioni. Kununua nyingine kwa sasa hapana, ada za watoto zimenikaba. Kwa mnaojua, napata nini na napoteza nini? Msinifiche.

kisiki_cha_ubungo
Dada weka fasta tu. Hiyo simu kodinemu yake (jina la ndani la watengenezaji) ni ginkgo, ni kati ya simu zilizopikiwa rom kibao duniani kwa sababu ilitoka 2019 ikauzwa kila kona na ina chip ya Snapdragon 665. Unapata Android mpya, viraka vya usalama vinaingia, matangazo ya mfumo kwaheri, ram inapumua. LineageOS siyo kitu cha kuokota, ndiyo ilichukua kijiti cha CyanogenMod ilipofungwa Desemba 2016, watu wanaijenga hadharani kodi yake kila mtu anaiona. Halafu watu wanachanganya, kuweka rom siyo kuruti (kujipa mamlaka yote ya ndani ya simu), unaweza kuweka rom na usiruti kabisa na mimi ndivyo ninavyomshauri mtu wa kawaida.

Kitu kimoja tu, LineageOS inakuja bila vitu vya Google, inabidi mpwa wako aweke gapps (furushi la app za Google) hapo hapo kabla simu haijawaka mara ya kwanza, akisahau mtaanza upya.

fundi_wa_aggrey
Mkuu hapo juu umesema ukweli ila umesema nusu. Mimi hizi simu zinaniijia mezani zikiwa zimeshakufa kwahiyo naona upande wa pili.

Kwanza dada hakikisha ni Note 8 ipi. Kuna Note 8 yenyewe ginkgo, kuna Note 8 Pro hiyo ni begonia na chip yake ni MediaTek, halafu Xiaomi wenye Redmi wakatoa Note 8 ya 2021 hiyo ni biloba nayo MediaTek. Jina kwenye boksi linafanana ila ndani ni simu tofauti kabisa, mtu akilazimisha faili la ginkgo kwenye biloba hapo usitegemee iwake. Na Xiaomi kuifufua kwa EDL (njia ya dharura ya kuingiza mfumo kwenye simu iliyokufa) siyo mchezo, inataka akaunti iliyoruhusiwa, ndiyo maana mafundi wanakutoza hela ndefu.

Pili, kufungua butiloda (kufuli linalozuia mfumo mwingine usiingie) kunafuta KILA KITU. Picha za mzigo, namba za wateja, chati. Siyo "inaweza kufuta", inafuta. Bekapu ya WhatsApp ifanye kabla na uijaribu.

Tatu, yule anayesema uiache asubuhi uchukue jioni muulize vizuri. Butiloda ya Xiaomi kwa njia halali unaunganisha akaunti ya Mi kwenye simu ukiwa umezima wifi unatumia data ya laini, halafu unasubiri, mara nyingi masaa 168, yaani wiki nzima. Anayemaliza kwa siku moja anapita njia nyingine, na rom anayokuwekea hujui nani kaipika. Simu inayopokea meseji za namba za siri za benki usiiwekee rom uliyopewa kwenye flashi ya mtu.

Nne, waambie wachukue bekapu ya EFS na persist (sehemu za ndani zinazotunza utambulisho wa simu) kabla ya kugusa chochote. Hizo zikiharibika IMEI (namba ya utambulisho wa simu) inapotea, laini haisomi. Ukipiga *#06# unaona sifuri. Na hapo akitokea mtu wa kukuambia "nakuandikia IMEI nyingine" mkimbie, kubadili IMEI ni kosa la jinai kwa sheria ya mawasiliano ya 2010, na TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, hawana utani, mwaka 2016 walizima simu feki nchi nzima watu wakabaki wameshika vioo.

mama_mitumba_tabata
Duh. Asanteni. Yangu nimeangalia kwenye kuhusu simu imeandika Snapdragon 665, kwahiyo ni hiyo ginkgo si ndio? Na app ya benki itafanya kazi? Hiyo ndiyo roho yangu, wateja wa mikoani wananilipa benki.

fundi_wa_aggrey
Ndio, 665 ni ginkgo. Kama nyuma imeandikwa 8T hiyo ni ndugu yake willow.

codi_na_chai
Swali la benki ndilo lilitakiwa liwe la kwanza. App za benki nyingi zinaiuliza Google kama simu ni salama, kitu kinaitwa Play Integrity. Butiloda ikiwa wazi jibu linarudi baya hata kama hujaruti. Kuna watu wanadanganya mfumo kwa Magisk (app ya kuruti) na moduli zake, inakubali leo, kesho Google wanaifungia ile alama ya simu nyingine iliyoigizwa na app inakugomea ukiwa na mteja mbele. Na tangu Mei 2025 wamekaza zaidi kwa simu za Android 13 kwenda juu, cheti lazima kitoke kwenye chip yenyewe. Hapo ndipo utamu ulipo, ukibaki Android 11 ya kiwandani unapita, ukipanda Android mpya ya kastom rom unagonga ukuta.

Afadhali yako hela za simu. M-Pesa kwa *150*00# inapita kwenye mtandao wa laini, haijali una rom gani. Airtel Money *150*60# vile vile. Na benki nyingi zina menyu ya nyota kama hiyo, ulizia ya kwako kabla hujagusa simu. Ukiweza kuishi na menyu basi rom inawezekana. Ukihitaji app, usithubutu kwenye simu uliyonayo moja.

Netflix nayo inaweza kushuka, Widevine (kinga ya video) ikitoka L1 ikawa L3, HD unaisahau. Ila nadhani hilo haliko kwenye orodha yako.

kisiki_cha_ubungo
Sawa lakini mbona hamsemi hatari ya kubaki? Simu iliyokata apdeti matundu yake yanajulikana na hakuna anayeziba. Mnamtisha dada wa watu kuhusu rom wakati anatembea na benki kwenye mfumo uliooza.

codi_na_chai
Kisiki hoja yako ni ya kweli na ndiyo maana simwambii abaki nayo miaka mitano. Ila pima wizi wa Dar ulivyo. Simu inachomolewa dirishani kwenye daladala au mtu wa pikipiki anaipitia mkononi. Butiloda ikiwa wazi mwizi anaflashi anavyotaka, anauza jioni hiyo hiyo. Data zako zimesimbwa sawa kama una pin ya maana, lakini mtu mwenye kompyuta na muda ana mlango ambao kwenye simu iliyofungwa hana. Na usije ukadanganywa uifunge tena butiloda juu ya kastom rom, kwa Xiaomi hapo umeiua. GrapheneOS, kastom rom nyingine, inakuruhusu kufunga, lakini inaingia kwenye Pixel tu.

binti_wa_kigamboni
Jamani mbona mnamzungusha, shida yake ni matangazo na uzito. Hiyo haihitaji butiloda. Dada nenda mipangilio, nywila na usalama, uidhinishaji na ubatilishaji, zima msa (app ya Xiaomi inayoleta matangazo), matangazo mengi yanakatika. Halafu mpwa wako achukue kompyuta na waya, awashe utatuzi wa USB, atoe takataka za MIUI (mfumo wa Xiaomi) kwa adb, zana ya kuiamrisha simu kutoka kwenye kompyuta:

pm uninstall --user 0 com.miui.analytics

na nyingine za namna hiyo. Hakuna kinachofutika, benki inabaki, ukichoka ukirisiti zinarudi zote. Ila ASIGUSE com.xiaomi.finddevice wala com.miui.securitycenter, simu itazunguka kwenye nembo mpaka uirisiti na hapo ndio picha zinaondoka. Na punguza storeji, Note 8 ya GB 64 ikijaa video za mzigo hata rom ya malaika haitasaidia.

fundi_wa_aggrey
Nakubaliana na binti. Na betri yake iangaliwe, 4000mAh ya tangu 2019 imeshachoka, ukibadilisha utaona tofauti kuliko rom.

mama_mitumba_tabata
Basi naanza na ya msa na adb, Jumamosi mpwa akija. Menyu ya benki nimeipata kumbe ipo, ila kutuma ankara za wateja haiwezi, nahitaji app. Rom nitaweka kwenye ile Redmi ya mwanangu iliyopasuka kioo, atachezea humo. Swali la mwisho, hiyo akaunti ya Mi nywila yake siikumbuki na namba niliyosajilia ilishafungwa, inazuia chochote kwenye hii yangu?

binti_wa_kigamboni
Kwa adb haizuii. Ila usirisiti hiyo simu hata kwa bahati mbaya kabla hujaipata, itakuomba hiyo hiyo akaunti ikiwaka. Ingia sasa hivi kwenye akaunti ya Mi ubadili namba ukiwa bado umo ndani, wakikataa njoo inbox tuone.