Mtoto ana mzio wa karanga na Januari anaanza chekechea: tukubaliane nini na shule?

mama_chekechea
Wakuu, habari zenu. Mtoto ana miaka 5, kilo 17, na vipimo vimethibitisha mzio wa karanga. Januari anaanza shule hapa Dar, atashinda huko saa 1 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Saa 4 wanakunywa uji, mchana wanakula chakula cha shule. Jibu la shule ni kwamba "watamwambia asile karanga". Niwadai nini hasa? Na dawa gani ikae pale?

upawa_mmoja
Dada, karanga inayoonekana ni rahisi kuikwepa. Inayoleta balaa ni iliyosagwa. Anza na uji: unga wa lishe wa shule nyingi ni mahindi, ulezi, mchele, soya na karanga, vyote vimesagwa pamoja. Muulize anayenunua unga, siyo mwalimu wa darasa. Hata wakikuambia wamebadilisha na kutumia dona tupu, uliza limesagwa wapi, maana mashine iliyotoka kusaga lishe inabaki na unga wa karanga ndani, na kupitisha kilo mbili tatu za mahindi kuisafisha hakukupi uhakika. Kwa hiyo mwaka wa kwanza mfungie uji wake kwenye chupa ya chai, na kikombe chenye rangi ambayo hakuna mwingine darasani anayo.

Kisha mboga. Mchicha, kisamvu na majani ya maboga vikiungwa kwa karanga badala ya nazi, si rahisi kuona tofauti kwa macho. Omba ratiba ya chakula ya wiki, na siku ya mboga ya karanga apeleke chakula chake. Upawa uliochota mboga ya karanga ukiingia kwenye sufuria la maharage, maharage nayo basi. Angalia pia beseni la kuoshea vyombo: vikombe 60 vikisuuzwa kwenye maji yale yale, cha mwanao kioshwe bombani peke yake kwa sabuni.

Getini: kashata, karanga za mayai, na bisi zilizokaangwa kwenye sufuria la karanga. Korosho ni mmea mwingine kabisa, ila mchuuzi huzipima kwa kikopo kimoja na karanga. Sheria ya mtoto iwe fupi: hali kitu ambacho hakikutoka kwenye mkoba wake. Miaka 5 anaielewa hiyo, orodha ndefu hataikumbuka.

mzee_wa_kijiwe
Mimi naona mnamdekeza. Mpeni karanga kidogo kidogo mwili uzoee, na akizidiwa maziwa yapo.

dozi_sahihi
Mzee wangu, hapo hapana. Kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2015 ulioonyesha kwamba kuwaanzishia karanga mapema watoto wachanga wa miezi 4 hadi 11 hupunguza uwezekano wa kupata mzio. Hiyo ni kinga kwa ambaye hajaupata. Aliyekwisha kuupata, kuzoeshwa hufanywa na daktari bingwa kwa vipimo vya miligramu, mtoto akiwa chini ya uangalizi, siyo kwa kijiko nyumbani. Na maziwa hayazuii chochote. Kumtapisha nako kunaongeza hatari ya kupaliwa.

Sasa dawa, mama_chekechea. Kosa linaloua ni kumpa piriton au setirizini (vidonge au dawa ya maji ya mzio) kisha kukaa kusubiri. Hizo hutuliza muwasho na mabaka ya ngozi. Hazifungui koo wala hazipandishi presha iliyoshuka. Dawa yenyewe ni adrenalini, ya kuchomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati.

Mwalimu ajue mstari uko wapi. Mabaka machache au midomo kuwasha peke yake: piriton, na mtu mzima akae naye bila kumwacha. Ila sauti ikikwaruza, akikohoa mfululizo, kifua kikilia, ulimi ukivimba, akilegea au akipauka, adrenalini papo hapo. Mabaka yakija pamoja na kutapika, vilevile. Ukisita kati ya kuchoma na kutochoma, choma. Kama ana pumu juu ya huo mzio, usisubiri hata kidogo.

Kalamu ya adrenalini (sindano iliyojazwa dozi moja tayari) ya miligramu 0.15 ndiyo ya uzito wake. Inapenya sare bila kumvua, mradi usilenge mshono wala mfuko wa kaptula. Zikae mbili, kwa sababu dakika 5 hadi 15 baadaye huenda akahitaji ya pili.

mama_chekechea
Ahsante sana. Kalamu hizo famasi nilizoulizia hazina. Ampuli je?

dozi_sahihi
Ampuli (vichupa vya kioo vya dawa ya kuvutwa kwa sindano) zinapatikana, ila ni za mtu aliyefundishwa: muuguzi wa shule, au zahanati ya jirani. Ampuli iwe imeandikwa miligramu 1 kwa mililita 1. Ipo nyingine iliyochanganywa mara kumi, hiyo siyo ya paja. Kipimo ni miligramu 0.01 kwa kila kilo, kwa hiyo kilo 17 ni mililita 0.17, na miongozo mingi huipunguza iwe 0.15 kwa wa chini ya miaka 6. Tumia bomba la sindano la mililita 1. Kwenye bomba la mililita 5 huwezi kupima 0.15 kwa mkono unaotetemeka. Bomba la insulini lisitumike: lina alama za yuniti na sindano yake fupi haifiki msulini. Usiivute mapema na kuiacha ndani ya bomba. Ikibadilika rangi, tupa. Isizidi nyuzi 25, mbali na mwanga, na isiwe kwenye kabati ambalo ufunguo uko kwa mtu mmoja anayekwenda semina.

Zahanati hiyo, wapigie simu sasa hivi uulize kama adrenalini ipo leo. Usidhani.

upawa_mmoja
Naongeza mawili. Kitakasa mikono hakiondoi karanga, kinaipaka tu. Darasa zima linawe kwa maji na sabuni baada ya kula. Na soya na maharage, ingawa ni jamii moja na karanga, wengi wenye mzio huu huvila salama, usimwachishe bila kupimwa.

dereva_wa_shule
Usafiri wa dharura uandikwe kwenye karatasi ya mpango, pamoja na picha yake, uzito na namba za simu tatu. Bodaboda isitumike. Mtoto huyu analazwa chali miguu juu, au anakaa kama anashindwa kupumua, au ubavu kama anatapika. Kumsimamisha au kumtembeza hadi getini kunaweza kumwangusha hapo hapo. Gari liletwe alipo yeye. Na akipata nafuu njiani, msigeuze: dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye, anatakiwa kuangaliwa hospitali kwa muda wa saa 4 hadi 6 au zaidi.

mama_chekechea
Nimenakili yote. Jumatatu naanza na mnunuzi wa unga.