Visulisuli vyangu vinafika chini bila kukatika, nisaidieni kabla ya Ijumaa ijayo

Bati_na_Maji (mwenye uzi):
Wadau, niko mwaka wa tano, uhandisi wa mitambo, hapa Nairobi. Mradi wangu ni kuonyesha jinsi visulisuli viwili vinavyoachwa na ncha za bawa la ndege vinavyoyumba, vinavyogusana na kukatikakatika kuwa pete. Fundi wa vioo Kariobangi alinitengenezea tangi: urefu sentimita 120, upana 40, kina 45. Bawa ni la bati, sentimita 13 ncha hadi ncha, linavutwa kwa uzi na mota ya waipa ya gari, kutoka soko la vipuri la Grogan. Rangi ya keki inavionyesha vizuri kabisa. Vinashuka pamoja, sambamba kama reli, vikifika chini vinatawanyika kando. Basi. Nimerudia zaidi ya mara 30. Msimamizi anasema niandike tu "haikuonekana". Tangi jipya siwezi, pesa ya mkopo imeisha.

Mtu_wa_Syokimau:
Maji yanasuguana, nguvu inaisha. Hata visulisuli vya ndege huisha hivyo hivyo. Andika haikuonekana, upumzike.

Baba_Mabomba:
Syokimau, hapana. Ungengoja msuguano peke yake uvimalize vya ndege kubwa, ungengoja sana. Vinamalizana vyenyewe. Mtafiti S. C. Crow alilipigia hesabu jambo hili mwaka 1970. Kila kisulisuli kinasukumwa na mwenzake, ndiyo maana vinashuka. Kimoja kikipinda kidogo kama wimbi, mtiririko wa mwenzake unataka kuuzungusha ule mkunjo, na mkunjo nao unajizungusha wenyewe kinyume. Kwa urefu fulani wa wimbi, mizunguko hiyo miwili inafutana. Mkunjo unabaki umeinama nyuzi 45 hivi, pale pale ambapo mwenzake anauvuta, basi unazidi kukua hadi viguse.

Urefu huo ni karibu mara 8.6 ya nafasi iliyo kati ya visulisuli. Nafasi yenyewe ni kama 0.8 ya upana wa bawa. Kijana wangu, bawa lako la 13 linakupa nafasi ya sentimita 10, kwa hiyo wimbi ni sentimita 86. Tangi la 120 halibebi hata mawimbi mawili!

Na kina ndicho kibaya zaidi. Kila vikishuka mara 1.2 ya nafasi yao, mkunjo unakua karibu mara 2.7. Ukitaka ukue mara 100 lazima vishuke mara 5.5, yaani sentimita 55. Wewe una 45. Vinagonga sakafu kabla ya kazi kuisha. Kata bawa la sentimita 5.

Bati_na_Maji:
Asante mzee. (Mimi ni binti, lakini sawa 😄) Kumbe wimbi linashuka hadi sentimita 34, kina kinachohitajika 22. Bati ninalo. Lakini bawa dogo si litatoa visulisuli dhaifu?

Baba_Mabomba:
Samahani binti yangu. Ndiyo, kwa hiyo livute haraka zaidi, sentimita 40 kwa sekunde, bila kutetemeka. Halafu usingoje bahati: litikise bawa juu na chini polepole, mara moja na kidogo kwa sekunde, lichore lile wimbi la 34. Maji yalale usiku kucha. Ukijaza ya baridi juu ya ya jana yanapangana tabaka, visulisuli vinakwama katikati.

Mama_Vikombe:
Rangi ichanganye na maziwa kidogo, haitawanyiki upesi.

Anayejifunza_Wilson:
Sisi tunaojifunza urubani hatungoji vikatike. Kindege chepesi nyuma ya ndege nzito, kanuni ya kimataifa ni maili 6 za baharini, hata siku anga limetulia. Kwanza siku hiyo ndiyo mbaya: upepo wenye vurugu huviyumbisha mapema, hewa tulivu huviacha vikae.

Mtu_wa_Syokimau:
Nimeshindwa, nakubali. Hivi ndiyo ile mistari myeupe ya ndege za juu sana, inayojikunja hadi kuwa kama shanga?

Baba_Mabomba:
Ndiyo hiyo hiyo.

Bati_na_Maji:
Jumatano, saa tano usiku. Bawa la 5, maziwa, maji ya tangu jana. Mara mbili hakuna kitu. Mara ya tatu vilipinda, vikagusana karibu na kioo cha kushoto, pete moja ikatoka. Upande wa pili viligusana tu. Simu ilikuwa inachaji, sina video. Bati limebaki la mabawa mawili, narudia kesho asubuhi.