Punda anasaga meno na kuacha pumba: yaweza kuwa vidonda vya tumbo?

Hamali wa Langoni
Assalam aleikum jamaa. Nina punda dume anayebeba mchanga na mawe ya ujenzi kutoka gatini kuingia mitaani. Wiki hizi amekonda. Majani anakula, lakini pumba ya mahindi anaonja tu kisha anageuka. Jioni namsikia akisaga meno, na nikikaza mkanda wa sogi anarusha mateke, tabia ambayo hakuwa nayo. Alipokuwa akichechemea nilipewa poda ya maumivu, fenilbutazoni, na bado nampa. Kazi yake ni alfajiri hadi adhuhuri, kisha tena hadi alasiri, ndipo ale. Jirani aliyewahi kuchunga farasi Nairobi asema ni vidonda vya tumbo. Punda naye hupata?

Mchunga Farasi, Malindi
Waaleikum salaam. Hupata, na ni hodari wa kuficha. Farasi akiumwa tumbo atagaagaa. Punda atasimama tu kainamisha kichwa.

Tumbo lao hutoa asidi usiku na mchana, awe amekula au hajala. Kinachoizimua ni mate, na mate humtoka akitafuna tu. Sehemu ya juu ya tumbo haina ute wa kuikinga, kwa hiyo ukimtembeza na mzigo tumbo likiwa tupu, asidi inarukia huko. Punda wako hajanuia saumu, bwana! Mpe majani nusu saa kabla ya kutoka, umpe tena adhuhuri, na usiku yasimwishie. Asipitishe muda wa saa 6 bila kutafuna. Pumba punguza, wanga mwingi huchachuka tumboni. Ukipata lusani (majani ya alfalfa) changanya, ina madini ya kalisi yanayopoza asidi.

Poda hiyo mwulize daktari kabla ya kumpa tena. Nayo huchubua tumbo.

Bi Mkomani
Mpe shubiri na magadi, mwanangu. Babu yetu alitibu hivyo.

Mganga wa Mifugo
Bi, heshima yako, ila utomvu wa njano wa shubiri ni haluli kali, yaani humharisha. Magadi hutuliza kwa muda mfupi tu, asidi inarudi.

Ndugu Hamali, dalili zako zafanana na vidonda, lakini hapa Amu (Lamu) nisingeanzia hapo. Kusaga meno na kuacha chakula huletwa pia na meno mabovu, minyoo, mchanga tumboni, au mifuko ya plastiki anayookota jaani. Tia kinyesi kwenye chupa ya maji, ukoroge, uache kitulie. Mchanga mwingi ukizama chini, umepata pa kuanzia. Kisha mpeleke The Donkey Sanctuary, shirika linalotibu punda, wako hapo Lamu tangu 1987.

Uhakika wa vidonda hupatikana kwa kamera ya mrija mrefu, kwa farasi kama mita 3. Isipokuwepo, daktari hutibu kwa dalili na kuangalia kama mnyama anapata nafuu. Dawa ni omeprazoli, kwa kawaida miligramu 4 kwa kila kilo ya mnyama, mara moja kwa siku, kama wiki 4, kisha hupunguzwa taratibu. Punda wa kilo 150 atahitaji miligramu 600, yaani vidonge 30 vya binadamu vya miligramu 20 kila siku! Tena ukivisaga asidi inaiharibu dawa kabla haijafanya kazi. Omba ile ya farasi.

Na akigoma kula kabisa, usingoje kesho. Mafuta hujaa kwenye damu, na punda hufa kwa hilo, hasa mnene.

Hamali wa Langoni
Shukrani. Nimekoroga kinyesi, mchanga ni kidogo mno. Poda nimeisitisha na kesho asubuhi nampeleka. Akianza dawa, aendelee kubeba?

Mganga wa Mifugo
Mpumzishe kwanza. Daktari akikuruhusu, anza na mzigo mwepesi: dawa asubuhi kabla hajala, majani baada ya saa moja hivi, kazi baadaye. Mwambie fundi mchanga wake utachelewa.