Naomba ushauri: hataza ya kifaa cha kuvunia mpunga

Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi wa kuchomelea, Mbarali. Kombaini zinazokodishwa huku zinaacha sana mpunga uliolala. Mvua ikiulaza, kisu kinapita juu. Nimetengeneza vidole vya chuma vyenye springi, vinafungwa mbele ya kisu na kuuinua mpunga kabla haujakatwa. Najua vya kuinulia vipo Ulaya miaka mingi, ila changu kikigonga tuta la jaruba kinajikunja, kisha kinarudi chenyewe. Hicho sijakiona popote.

Nataka kuomba hataza (patent, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi) BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni. Shida ni kwamba nimekiundia karakana ya bosi, kwa vyuma vyangu, baada ya kazi. Mkataba hausemi lolote. Kiwe cha nani?

Halafu mwenzetu karusha video ya kifaa hicho grupu la WhatsApp la kazini. Uvumbuzi unatakiwa uwe haujawekwa hadharani. Je, grupu la kazini linahesabika hadharani?

Na nianzie BRELA au ARIPO, shirika la haki miliki la nchi kadhaa za Afrika, kule Harare? Bosi anataka tukipeleke maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, nimemwomba asubiri. Aliyewahi kupitia haya anijuze, hasa upande wa gharama.