Gemu yenye "Majini" wanaozungumza Kiswahili: niitoe ukumbini au niiache?

MwenyeUkumbi_Langoni (Lamu) anauliza:

Assalaam alaykum. Naendesha ukumbi mdogo wa gemu mtaa wa Langoni, hapa Lamu: runinga tatu, mashine mbili za PS4 za kandanda ambazo hazipumziki, na PS3 moja kuukuu ambayo padi zake nimezifungua na kuzifunga mara nyingi hata skrubu hazikazi tena. Hiyo PS3 ndiyo iliyonileta kwenu. Ina diski ya Resident Evil 5, ambayo vijana wanaipenda kwa sababu inachezwa na watu wawili kwa pamoja, skrini imegawanywa, mmoja akiwa Chris Redfield na mwenzake akiwa Sheva Alomar.

Jumanne iliyopita, baada ya swala ya alasiri, mzee mmoja wa mtaa wetu alikuwa akipita kichochoroni akasikia watu wazima wakifokeana kwa Kiswahili. Aliingia na bakora yake akidhani kuna ugomvi wa kuamuliwa. Alichokikuta ni wavulana wawili wamekaa kwenye mkeka, kimya kabisa, na runinga ndiyo inayopiga kelele. Alisimama akaitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Hawa ni watu wa wapi?" Hakuna aliyeweza kumjibu, nami nikiwemo. Mvulana mmoja akasema kwa furaha, "Hao si watu, ami, ni majini." Hapo ndipo mzee alipokasirika.

Kwa asiyeijua, gemu hii ilitolewa Machi 2009 na kampuni ya Capcom ya Japani. Hadithi yake inatokea Kijuju, mahali pa kubuni panaposemekana kuwa Afrika Magharibi, na maadui wake huitwa Majini, neno lililochukuliwa kwetu. Nao hukujia na mashoka huku wakipiga kelele kwa Kiswahili. (Mara ya kwanza nilipolisoma neno hilo kwenye skrini nilidhani tunaambiwa tuingie baharini.)

Mzee anataka diski hiyo itoke. Vijana wananiambia kwamba ni gemu tu. Najua kuwa kwenye jalada kuna alama ya 18, na nakiri kwamba sikuizingatia kama nilivyopaswa. Hilo ni kosa langu, na sihitaji kutetewa. Swali langu ni jingine. Tukiweka kando damu na umri, je, kuna ubaya wowote katika gemu hii kwa sisi wenye lugha yenyewe, na kama upo, ni upi hasa? Nataka jibu ninaloweza kumpelekea mzee, kwa kuwa tunaswali msikiti mmoja na siwezi kumkwepa.

SultaniWaPadi (Malindi):

Waalaykum salaam, kaka. Nimeimaliza gemu hiyo zaidi ya mara moja, na kwanza niruhusu nisahihishe jambo. Wale si mashetani wala si maiti waliofufuka. Ni wanakijiji walio hai ambao wametiwa vimelea viitwavyo Plagas. Mwanzoni kabisa utamwona mtu ameshikwa na wenzake akilishwa kimelea kwa nguvu. Na waliowafanyia hivyo ni wageni: kampuni ya dawa iitwayo Tricell, na nyuma yake Albert Wesker, adui mkuu wa hadithi. Kwa hiyo anayesema kwamba hadithi inawalaumu Waafrika hajafika mwisho wake. Inawalaumu matajiri wa nje waliokuja kufanyia majaribio yao katika nchi ya watu, na mimi sioni kwamba hilo limezuliwa tu.

Pili, niseme ukweli ambao pengine utamuudhi mzee wako. Siku niliyosikia Kiswahili kwa mara ya kwanza ndani ya gemu kubwa, nilisimamisha mchezo nikawaita ndugu zangu waje wasikie. Tulikuwa tumezoea Kiingereza, Kijapani, hata Kirusi, lakini lugha ya nyumbani hatukuwa tumewahi kuisikia humo. Tulicheka sana, na tulifurahi.

Tatu, mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji saba dhidi ya wawili, ilibatilisha sheria ya California iliyokataza kuwauzia watoto gemu za ukatili, ikasema kwamba gemu zina haki ya kulindwa kama vitabu. Ukianza kuondoa kila gemu ambayo mpita njia hakuipenda, utabaki na kandanda peke yake, na siku moja atapita mwingine asiyependa kaptura.

BintiShela (Lamu):

Kaka wa Malindi, umenichekesha kwa hizo kaptura, lakini hukumu hiyo uliyoitaja ilihusu yale ambayo serikali haiwezi kuyakataza. Haikusema kwamba mwenye ukumbi hana ruhusa ya kuchagua diski zake.

Mimi nimeicheza gemu hii na kaka yangu, na nilikuwa Sheva kila mara kwa kuwa yeye hakutaka kuwa mwanamke. Hayo tuyaache. Ninachotaka kusema ni kwamba swali la mzee, "Hawa ni watu wa wapi?", lina uzito kuliko linavyoonekana. Hebu wahesabu wale wanaomsaidia Chris: Sheva mwenyewe, Josh Stone, na yule mchinjaji anayemkabidhi silaha mwanzoni. Wote ni Waafrika, na wote huzungumza naye kwa Kiingereza. Kiswahili kimewekwa katika vinywa vya wale waliokwisha kupoteza akili, ambao huwezi kuwauliza wala kuwajibu, na kazi yako pekee juu yao ni kuwapiga risasi. Mtoto wa London anayecheza haelewi hata neno moja, na hakukusudiwa aelewe. Kwake hiyo ni kelele ya kutisha tu. Mtoto wa Langoni anaelewa, na bado anafyatua. Jambo hilo halihusiani na rangi ya damu wala na alama ya jalada.

Halafu wameipeleka lugha yetu Afrika Magharibi, ambako mtu wa kawaida hasalimii kwa Kiswahili. Sidhani walikusudia ubaya. Nadhani walihitaji sauti ya Afrika yoyote ile, wakachukua iliyokuwa karibu. Kwa hiyo jibu la mzee ni kwamba hao si watu wa popote.

Malalamiko yenyewe si mapya. Filamu ya matangazo ilipoonyeshwa Julai 2007, ikiwa na mzungu mmoja mwenye bunduki katikati ya kijiji kizima cha watu weusi wanaomkimbilia, mzozo ulianza papo hapo. Mwaka 2008 mwandishi wa jarida la Newsweek la Marekani, N'Gai Croal, ambaye mwenyewe ni mtu mweusi na mpenzi wa gemu, alieleza kwa utulivu kwamba picha za namna ile zina historia ndefu, na kwamba waliozitengeneza walionekana kutoijua. Hakutaka ipigwe marufuku. Hata hivyo wachezaji wengi walimjibu kana kwamba amekuja kuwanyang'anya padi mikononi. Gemu ilipotoka, Sheva alikuwamo na baadhi ya maadui hawakuwa weusi. Lakini mbele kidogo, kwenye vinamasi, utakutana na watu waliovaa nyasi na vinyago wakikurushia mikuki, katika hadithi inayotokea miaka hii yetu. Hapo hata kaka yangu, ambaye husema "ni gemu tu" kwa kila kitu, aliweka padi chini akasema, "Ala!"

Na kuhusu hayo maneno "ni gemu tu", naomba tuyachunguze. Mchezaji huyo huyo anayekuambia ni gemu tu atabishana usiku kucha kwamba gemu ni sanaa inayostahili heshima sawa na filamu. Atatumia wiki nzima kueleza kwa nini bunduki fulani haikutengenezwa kwa uhalisi. Lakini ukimwambia kwamba lugha au binadamu hakutengenezwa kwa uhalisi, ghafla gemu inakuwa jambo dogo lisilostahili kujadiliwa. Mwaka 2014, katika mzozo ulioitwa Gamergate, wanawake waliotengeneza gemu na walioziandikia uhakiki walitishiwa kuuawa, na baadhi yao wakalazimika kuhama nyumba zao. Mimi sijafikiwa na makubwa kama hayo. Nikiwasha maikrofoni nikicheza mtandaoni na wakasikia sauti ya mwanamke, swali la kwanza huwa ni padi hii ya nani.

Ustadhi_Mkomani (Lamu):

Namshukuru dada wa Shela kwa maneno yake, nami nitaongeza upande wangu kwa ufupi, ingawa wanafunzi wangu watawaambia kwamba ufupi si sifa yangu.

Majini kwetu ni viumbe wenye akili na wajibu, na Sura ya 72 ya Qur'ani imeitwa kwa jina lao. Humo wenyewe wanasema kwamba miongoni mwao wamo walio wema na wamo wasiokuwa hivyo. Basi kumwita "jini" mwanakijiji aliyetiwa mdudu mwilini ni kulichukua neno na kuiacha maana yake mlangoni. Mzee hakukasirika kwa ujinga. Amekua katika mji ambao neno hilo halitamkwi hovyo usiku, na amelisikia likitamkwa kwa kicheko mbele ya skrini.

Lakini nataka pia nimwambie mwenye ukumbi jambo kuhusu namna ya kulalamika, kwa kuwa nimewahi kufuatilia suala hili kwa ajili ya vijana wa madrasa. Oktoba 2008 Sony ilikuwa karibu kutoa gemu ya watoto iitwayo LittleBigPlanet. Mchezaji mmoja Mwislamu alisikiliza wimbo mmojawapo na kuandika kwa adabu kwamba mna maneno mawili ya Qur'ani ndani yake: katika sekunde ya 18, "kullu nafsin dhaaiqatul maut" (kila nafsi itaonja mauti), na katika sekunde ya 27, "kullu man alayhaa faan" (kila aliye juu yake atatoweka). Hakutukana mtu. Alitaja sekunde. Sony iliziondoa diski madukani dunia nzima, ikachelewesha gemu kwa takriban wiki moja, na kuirudisha bila sauti ya mwimbaji. Na mwenye wimbo hakuwa adui wa dini. Alikuwa Toumani Diabaté wa Mali, mpigaji mashuhuri wa kora, ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi, na Mwislamu, ambaye aliona si jambo geni kwake kuchanganya mawaidha na ala. Sisi wa Lamu tusijifanye kushangaa, kwa maana kila mwaka Maulidi yakikaribia tunakaa barazani na kujadiliana upya kuhusu matwari na zumari.

Mwaka 2012 palikuwa na fremu ya picha ukutani, ndani ya choo, katika ramani moja, yaani uwanja wa mapigano, ya gemu ya vita Call of Duty, na kwenye fremu hiyo yameandikwa maneno ya hadithi kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri. Ilibadilishwa. Mwaka 2021, katika Call of Duty: Vanguard, kurasa za Qur'ani zilionekana zimetapakaa sakafuni zikiwa na damu, kampuni iliomba radhi, na kurasa zikaondolewa. Kila mara aliyelalamika alionyesha kitu chenyewe kwa kidole: ukuta huu, sakafu hii, sekunde hii. Anayesema kwamba gemu zote zinapotosha vijana hasikilizwi na kampuni, na kwa uzoefu wangu hasikilizwi na vijana pia.

SultaniWaPadi (Malindi):

Ustadhi, nimekubali kuhusu sekunde. Dada, hilo la Kiswahili kuwa lugha ya wanaopigwa risasi peke yao sikuwahi kulitambua, na nimeudhika kidogo kwamba sikulitambua mwenyewe. Hata hivyo furaha yangu ya siku ile siirudishi. Na pia naomba tuwe wakweli: gemu ni ya mwaka 2009, na hakuna mtu huko Japani atakayeamka kesho kuwatafutia wale wanakijiji lugha nyingine. Kwa hiyo rafiki yetu afanye nini na diski yake?

MwenyeUkumbi_Langoni (Lamu):

Ahsanteni nyote. Jana nilikwenda kwa mzee, nikamkuta amekaa dakani kwake, nikamweleza kama mlivyonieleza. Nilianza na umri, kwa sababu hapo nilikuwa na kosa: diski hiyo haitawekwa tena mchana wala mbele ya mtoto, na wale wavulana wawili nimewarudisha kwenye kandanda pamoja na manung'uniko yao. Kisha nikamweleza habari ya Kijuju, na kwamba wanaosema Kiswahili ni wale waliopotewa na akili tu. Alinyamaza, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu hapa aliyeliuliza: "Wanasema nini?"

Nilimwambia kwamba wanapiga kelele. Akasema, "Mwanangu, nimekuuliza wanasema nini." Nikagundua kwamba gemu hii imekuwa ukumbini kwangu kwa miaka, nami nimeishia kusikia kelele tu, kama yule mtoto wa London.

Basi tumekubaliana kwamba Alhamisi baada ya ishaa nitafunga mlango, nitaongeza sauti, kijana mmoja mkubwa atacheza, na mzee ataandika katika daftari kila neno litakalosikika, pamoja na mahali liliposemwa. Baada ya hapo ndipo ataniambia kama diski ikae au itoke, na nimempa ahadi kwamba nitafuata neno lake. Nimemwazimia kiti, kwa kuwa mkekani hawezi kukaa. Kilichobaki ni padi ya pili, ambayo imelegea kabisa, na gemu hii bila padi ya pili haina ladha. Kama kuna mtu Lamu au Malindi mwenye skrubu ndogo za padi ya PS3, naomba aniandikie kabla ya Alhamisi.