Usaili Toronto: ghala kupitia wakala, au ofisi ya mahesabu kwa video?

Binti_Mwanza
Wakuu, habari zenu. Mimi na mume wangu tumehamia Toronto kwa ukaazi wa kudumu na sasa natafuta kazi. Nyumbani nilikuwa mhasibu kwenye kampuni ya kusambaza vinywaji, na nina CPA ya NBAA, bodi ya wahasibu Tanzania. Nimeitwa sehemu mbili. Moja ni wakala wa ajira, kazi ya ghala Brampton, mji jirani: niende na viatu vya usalama, nikifaa naanza mara moja kwa kima cha chini, dola 17.60 kwa saa. Nyingine ni ofisi ndogo ya mahesabu inayotafuta msaidizi wa kuingiza hesabu, usaili kwa video wiki ijayo. Wanalipa zaidi kidogo, ila kupata si uhakika, na akiba yetu si ya kukaa nayo muda mrefu. Nianze na upi? Na nikiulizwa kama nina uzoefu wa Kanada nijibu nini?

Kaka_Scarborough
Karibu sana dada. Nenda kote kuwili. Usaili wa wakala ni mfupi: wanataka kujua kama unaweza kusimama zamu nzima, kuinua mzigo na kufika saa kumi na moja alfajiri. Hilo la kufika lipime kabla hujasema ndiyo. Kutoka huku Toronto unapanda TTC, usafiri wa umma wa jiji, kisha unabadilisha kwenda Brampton Transit, mabasi ya kule. Ukiwa na kadi ya Presto hulipi nauli mara mbili, ila muda unakwenda.

Mengine mawili. Tangu Julai 2024, wakala wa ajira hapa jimbo la Ontario lazima awe na leseni, na unaweza kumhakiki kwenye tovuti ya serikali ya jimbo. Akikudai hela ya kukutafutia kazi, ondoka, sheria hairuhusu. Na namba yako ya SIN, ile ya bima ya jamii, usiiandike kwenye fomu ya maombi. Mwajiri anaihitaji ukishaajiriwa, si kabla.

Mama_Tumaini
Mimi sikubaliani na kote kuwili. Nimeona wataalamu wa kwetu wengi wakiingia ghala kwa "miezi michache tu", zamu za usiku zikawala, usaili wa fani yao wakaufanya macho yamewavimba. Mdogo wangu, kama kodi ya mwezi ujao ipo, weka nguvu zote kwenye video kwanza. Ghala utaipata hata mwezi ujao. Ofisi inayokubali mgeni haiiti kila wiki.

Kaka_Scarborough
Mama, nakuelewa, lakini mwenye nyumba hasubiri fani. Aombe zamu ya mchana au wikendi. Hilo ni swali la kumuuliza wakala palepale kwenye usaili, kabla ya kusaini chochote.

Mhasibu_Mississauga
Dada, nami nilipita njia hiyohiyo, kwa hiyo naenda kwenye swali lako la pili.

Tangu Januari 1, 2026, mwajiri wa Ontario mwenye wafanyakazi 25 au zaidi haruhusiwi kuweka sharti la uzoefu wa Kanada kwenye tangazo la kazi wala fomu ya maombi. Ofisi ndogo kama hiyo huenda haiguswi, na swali laweza kuja kwa mdomo. Usijibu "sina" ukanyamaza. Jibu kwa kazi yako: ulifunga hesabu za kila mwezi, ulipeleka ritani za VAT TRA kwa wakati. Halafu onyesha daraja la kuja huku: soma HST ya Ontario, kodi ya mauzo ambayo ni asilimia 13, na jizoeze QuickBooks, programu ya mahesabu, kabla ya siku yenyewe ili uliseme hilo kwa ukweli.

Maswali mengi yatakuwa ya "tuelezee wakati ambapo…". Wanataka kisa kimoja: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulifanya nini, ikaishaje. Hapa ndipo watu wetu wengi wanaangukia, maana tumelelewa kutojisifu. Linganisha majibu haya:

"Tulikuwa na tatizo la benki, tukashirikiana tukalimaliza."

"Taarifa ya benki ilikuwa hailingani na daftari letu. Nilipitia stakabadhi moja moja, nikakuta malipo ya mteja yameingizwa mara mbili. Nikarekebisha, nikamwonyesha bosi, na tangu hapo nikawa nalinganisha kila Ijumaa."

La kwanza halimwambii msaili wewe ulikuwa wapi. La pili si majivuno, ni maelezo ya kazi. Andaa visa vitatu au vinne vya namna hiyo, uvisimulie kwa sauti mbele ya mumeo.

Furaha_wa_Bukavu
Dada yangu, naongeza kidogo. Kwenye CV toa picha, tarehe ya kuzaliwa na habari za ndoa, huku haviwekwi. Ukiulizwa kama una watoto au unasali wapi, rudisha mazungumzo kwenye kazi kwa upole. Sheria ya haki za binadamu ya Ontario hairuhusu mwajiri akuchague kwa hayo. Kama una ruhusa ya kufanya kazi nchini, hilo anaweza kuuliza.

Kwenye video, inua kompyuta mpaka kamera iwe usawa wa macho, na ukae ukitazama dirisha, usiligeuzie mgongo. Kwetu kumkazia mkubwa macho si adabu. Huku ukiinamisha uso wanadhani unaficha kitu.

Binti_Mwanza
Asanteni sana, kwa kweli mmenitoa gizani. Nimeongea na mume wangu: kodi ya mwezi ujao ipo, kwa hiyo naenda kwa wakala nikiomba wikendi tu, wakikataa naacha. Siku za wiki ni za kujiandaa na video. Swali la mwisho: wanataka wadhamini wawili wa kuulizwa habari zangu, na bosi wangu wa zamani yuko Mwanza. Watakubali?

Mhasibu_Mississauga
Wengi wanakubali. Weka barua pepe yake ya kazini pamoja na namba ya simu, na uandike kwamba Tanzania iko mbele kwa saa 7 au 8 kutegemea msimu, ili wasimpigie usiku wa manane. Mpigie bosi leo, mtumie tangazo la kazi, mkumbushe kile kisa cha benki.